Tarehe Iliyomuua Dieumerci

Wanawake wawili wauza mikate ndio waliomkuta, Ijumaa tarehe 28 Juni, kabla jua halijatoka. Alikuwa amelala kifudifudi mbele ya ukumbi wa sinema wa Ciné Lufira, katikati ya Lubumbashi, chini ya ngazi ya chuma inayopanda hadi kwenye fremu ya mabango. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mmoja wa wale wanawake alidhani ni mlevi, akamsukuma kwa mguu hadi uso ukageuka. Mwenzake akamulika kwa simu, akaiona sura, na kelele alizopiga ziliamsha mtaa mzima.

Sura ile haikuwa ngeni kwa mtu yeyote mjini. Dieumerci alikuwa na miaka ishirini na saba, na vichekesho vyake vifupi vilizunguka kwenye simu zote kuanzia Kasumbalesa hadi Kolwezi. Miezi hiyo alikuwa akiigiza filamu yake kubwa ya kwanza, *Mjane wa Kambove*, iliyokuwa ikitengenezwa na kaka yake mkubwa, Godefroid.

Inspekta Virginie Ngosa alipofika, watu walikuwa wamejaa. Wengine walilia. Wengine walijipiga picha na maiti nyuma yao. Mtu mmoja alikuwa ameshamvua saa ya mkononi.

"Ameanguka, Chef," polisi wa zamu alimwambia. "Alipanda kuangalia fasi ya affiche, bango ya film yake, akateleza."

Virginie alisogea kwenye ngazi. Ilikuwa katikati ya kiangazi, mvua ya mwisho ilikuwa imesahaulika, na vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kila kipago kama unga uliochekechwa. Alipitisha kidole kimoja. Kidole kiliacha mstari. Hakukuwa na alama nyingine yoyote, si ya mkono wala ya kiatu.

"Huyu hakupanda," alisema. "Amepigwa akiwa amesimama hapahapa. Tafuteni kilichompiga."

Walikipata ndani ya mfereji, hatua chache tu: nyundo nzito ya mchimba madini, kichwa chake kikiwa na damu iliyoganda na nywele. Kwenye mpini mtu alikuwa amechonga jina kwa kisu. GUELORD.

*

Guelord walimkamata kabla ya adhuhuri katika komini ya Kenya, mtaa wa humohumo mjini, kwa mjomba wake mwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Alikuwa mchimbaji kutoka Kambove, mrefu, mwenye mabega mapana, na ndiye aliyemsimulia Godefroid kisa ambacho filamu ilijengwa juu yake. Alikuwa ameahidiwa kuwa mhusika mkuu. Mwishoni nafasi ile alipewa Dieumerci, na Guelord akabaki kuwa mmoja wa wachimbaji wanaopita nyuma.

"Mwezi wa tano ulisema utamuua," Virginie alimwambia. "Watu waliokusikia ni wengi."

"Nilisema, Inspecteur. Nilikuwa na kasirani. Lakini bantu banasema maneno mingi."

"Nyundo ni yako?"

"Ni yangu. Balikuwa nayo mu film. Mara ya mwisho nilikuwa nayo ni mercredi, juzi, ku Kambove. Nilitia mu gari ya Yaya Godefroid pamoja na bintu yote ya film."

"Na jana usiku?"

"Nililala. Tulibeba sanduku siku muzima ile mercredi, juu ya jua, banasema rudia, rudia. Mabega iko nauma mpaka leo. Nililala tu."

"Nani alikuona ukilala?"

Guelord alitazama mikono yake. "Mutu masikini nani anamuangalia akilala?"

Virginie aliandika neno *sanduku* na kichwani mwake akaona masanduku ya kamera na taa. Hakuuliza zaidi. Jina lilikuwa kwenye mpini, kitisho kilikuwa kimetolewa, ushahidi wa usiku haukuwepo. Akaamuru afungwe.

Mahabusu walikuwa wamekwisha kusikia redioni ni nani aliyekufa. Jioni ile, mlinzi alipofungua mlango kupeleka maji, alimkuta Guelord amejikunja pembeni, meno mawili ya mbele hayapo, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe. Waliompiga walikuwa wamekaa, wakilia. Walimpenda sana Dieumerci.

*

Émile Mukuka, mwenye Ciné Lufira, hakungoja aulizwe.

"Banasema ni mie, Inspecteur, najua. Dieumerci alinitukana ku radio, alisema niko nauzisha salle yangu ya sinema kwa bageni. Lakini jana nilikuwa ku kilio ya beau-frère, shemeji yangu, komini Kenya, mpaka asubui. Uliza nani unataka. Padri alikuwa pale."

Virginie alikwisha kuuliza. Padri alikuwa pale, na Émile alikuwa pale, akisinzia kwenye kiti cha plastiki mbele ya waombolezaji wote.

"Alikutukana kwa sababu gani?"

"Tarehe." Émile alivua miwani na kuifuta kwa tai. "Sikia, Mama. Mu muji huu film iko na mulango moja tu ya kuingilia. Tarehe mbili, mwezi wa saba. Batoto banapata matokeo ya masomo. Bazazi banafurahi ao banakasirika, lakini bote banatoka. Mvua hakuna. Bantu banatoka Likasi, banatoka Kolwezi, banakuya kuona famille. Hiyo furaha inaendelea wiki tatu. Ukitoka mwezi wa tisa, kila muzazi iko nalipa masomo na kununua madaftari. Salle inabakia na popo."

"Na Godefroid ulimpa mwezi wa tisa."

"Ile tarehe mbili nilishapatia film ya Amerika. Godefroid alilia hapa, ku hiyo kiti unaikalia. Film yake ya kwanza ilitoka septemba, ilikufa siku tatu. Ilikuwa film muzuri! Mie mwenyewe nililia. Lakini tulikuwa batu ngapi? Mie, yeye, na vieux moja, muzee alikuwa nakimbia jua." Émile alirudisha miwani usoni. "Nikamuambia: Godefroid, niletee sababu moja tu ya kufanya bantu baache film ya Amerika, bakuye ku yako. Unileteapo, tarehe mbili ni ya kwako."

"Alijibu nini?"

"Hakujibu kitu. Aliniangalia, akaenda."

*

Msiba uliwekwa nyumbani kwa mama yao Dieumerci na Godefroid, Kampemba. Mikeka ilikuwa imejaza ua, na wanawake wa parokia walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini. Mama Jeanne, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikaa akiwa ameegemea ukuta, kitambaa kimefungwa kiunoni. Hakuwa na machozi tena.

"Pole, Mama," Virginie alisema, akachuchumaa mbele yake. "Nakuuliza kwa heshima. Usiku wa jana Godefroid alikuwa wapi?"

"Huku. Mu chumba yake, na ile machine yake ya kukata film. Nilimusikia usiku muzima." Sauti ya mama ilikuwa kavu kama majani ya mahindi. "Nilikuwa nasikia sauti ya Dieumerci kupitia ukuta. Maneno moja, na moja ileile. 'Usinililie, ningali muzima.' Kisha inarudia. 'Usinililie, ningali muzima.' Nililala na hiyo sauti, nikaamuka na hiyo sauti. Halafu balikuya kuniambia amekufa."

Godefroid alitoka chumbani, mwanaume wa miaka thelathini na mitano, mwembamba, macho mekundu. Alizungumza na Virginie wakiwa wamesimama nje ya lango.

"Inspecteur, mie ndiye mwenye kuuawa," alisema. "Film haijaisha. Mwisho wake, Dieumerci anatoka mu shimo akiwa muzima, anaoa ule mujane. Ile ndoa hatujaipiga picha. Bila yeye niko na nini? Nani anachoma nyumba yake kabla ya kuezeka?"

Hoja ile ilikuwa na uzito, na Virginie aliikubali. Alirudi ofisini akiwa na mtu mmoja tu wa kumfikiria, na mtu huyo alikuwa ameshalala sakafuni akitema damu.

*

Jumapili ilikuwa sikukuu ya uhuru. Virginie alikuwa amekaa nyumbani na wanawe wakila ugali, redio ilipotangaza: *Mjane wa Kambove*, filamu ya mwisho ya marehemu Dieumerci, Jumanne tarehe mbili Julai, Ciné Lufira. Filamu ya Kimarekani ilikuwa imeondolewa.

Aliacha kutafuna.

Ijumaa filamu haikuwa na mwisho. Jumapili ilikuwa na mwisho, na tarehe, na ile tarehe yenyewe ambayo mtu aliililia kwenye kiti cha Émile.

Alimpigia Émile simu.

"Nilibadilisha, ndiyo," Émile alikiri. "Muji muzima iko nalia, Inspecteur. Hakuna affiche inashinda kilio. Bantu balishaanza kuuliza tikiti tangu jana. Kesho saa nane Godefroid ananionesha film yote. Ukitaka, kuya."

Jumatatu saa nane mchana walikuwa watatu ndani ya ukumbi mtupu: Émile katikati, Virginie nyuma yake, na Godefroid pembeni, karibu na mlango wa chumba cha mitambo. Filamu ilikuwa nzuri. Virginie hakutaka iwe nzuri, lakini ilikuwa. Dieumerci alicheka kwenye skrini na ukumbi ulionekana kama umewashwa taa. Kuna mahali alimwambia mjane, "Usinililie, ningali muzima," na Virginie akaikumbuka sentensi aliyoisikia kwa Mama Jeanne. Mhariri anayefanya kazi husonga mbele, toka onyesho hadi onyesho. Usiku kucha, mama alikuwa amesikia sentensi moja.

Kisha ukafika mwisho. Hakukuwa na ndoa. Mhusika alikuwa amefukiwa shimoni, na wachimbaji waliokuwa wamejaa vumbi jeupe wakamchukua kumzika kwenye kilima nje ya Kambove. Jeneza lilipita karibu kabisa na kamera, juu ya mabega ya wanaume wanne. Mjane alitembea nyuma yake peku.

Émile alikuwa akilia waziwazi. "Godefroid! Itajaa mpaka Noeli!"

Taa ziliwashwa. Virginie hakunyanyuka.

"Hayo maziko," alisema, "uliyapiga lini?"

"Samedi, Inspecteur," Godefroid alijibu bila kusita. "Juzi. Nilichukua gari, tukaenda ku Kambove na bantu bachache. Balilia kweli, si kwa kuigiza. Yeye alikuwa ameshakufa."

"Samedi. Una hakika?"

"Samedi."

"Nataka kuyaona tena." Alitoka nje kidogo, akamwambia dereva wake maneno mawili, akarudi kukaa. "Weka pale jeneza linapopita. Na usimamishe."

Picha ilisimama. Wanaume wanne, sura zimepakwa vumbi. Virginie alingoja. Émile aliuliza kuna nini. Godefroid alisimama kando ya mlango, akipiga vidole kwenye paja lake.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Polisi wawili walimwingiza Guelord. Alitembea polepole, akishika viti, kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa bado limefungwa. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Guelord," Virginie alisema, "angalia mbele. Yule anayebeba jeneza upande wa kushoto, wa kwanza, ni nani?"

Guelord aliinua uso. Kwenye skrini uso wake, mkubwa kama ukuta wa nyumba, ulikuwa mzima. Meno yote yalionekana, yameumana kwa juhudi.

"Ni mie," alisema.

"Lini?"

"Mercredi. Nilikuambia, Inspecteur. Tulibeba sanduku siku muzima, ile ya maiti." Alimgeukia kwa mshangao wa mtu ambaye hakuelewa kwa nini anaulizwa tena. "Yaya Godefroid alisema ni ndoto, ule mujane anaota. Dieumerci mwenyewe alikuwa pale, alisimama nyuma ya caméra, ameshika mwavuli ya jua. Alikuwa nacheka sana. Alimuambia mukubwa wake: 'Yaya, unanizika niko muzima?'"

Émile alikuwa ameacha kulia.

"Huyu yuko mikononi mwangu tangu Ijumaa," Virginie alimwambia Godefroid. "Nilimfunga mimi mwenyewe. Jumamosi hakuwa Kambove, alikuwa kwenye sakafu yangu, na sura yake ilikuwa hii unayoiona, si ile. Uliyapiga maziko ya ndugu yako Jumatano. Alhamisi ukamuua. Ijumaa ukaniambia filamu haina mwisho."

Godefroid aliangalia mlango. Polisi walikuwa wamesimama hapo. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, taratibu, kama mtazamaji aliyechelewa.

"Film haiuawi na ubaya wake," alisema. "Inauawa na tarehe. Ile ya kwanza niliifanyia kazi miaka mine. Siku tatu, Inspecteur! Siku tatu, mu septemba, na popo juu ya kichwa. Hii ilikuwa muzuri kupita ile. Uliiona. Sema ukweli, uliiona?"

"Niliiona."

"Émile aliniomba sababu."

"Mie?" Émile aliruka. "Mie nilisema mambo ya publicité! Redio! Mabango!"

"Sababu moja, ulisema. Nilifikiri usiku mingi. Nikaona hakuna sababu nyingine itatosha."

"Kwa nini yeye?" Virginie aliuliza. "Ni mdogo wako."

Godefroid alimtazama kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la kitoto.

"Nani mwingine? Mie nikikufa, nani atalia?"

Aliyasema mengine bila kusukumwa. Aliacha mashine ikirudia sauti ya Dieumerci kwa ajili ya mama, akatoka kwa dirisha. Alimwita ndugu yake Lufira waangalie mahali bango lake litakapowekwa. Nyundo alikuwa nayo ndani ya koti. Aliichagua ile kwa sababu ya jina. Mchimbaji aliyetoa kitisho hadharani, alisema, nani angemsikiliza?

Virginie aligeuka kulitazama jicho la Guelord lililofumba.

"Alikuwa ameinua kichwa, anaangalia fremu," Godefroid aliendelea. "Aliniuliza, 'Yaya, sura yangu itakuwa mukubwa namna gani?' Nikamuambia, mukubwa kupita ya bote."

Guelord, aliyekuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, alitema mate sakafuni. Yalikuwa bado mekundu.

Walipokuwa wakimtia Godefroid pingu, Émile alimsogelea Virginie na kumnong'oneza kwa adabu kubwa: "Inspecteur, pole kwa kuuliza. Film yenyewe... mutaichukua?"

*

Hawakuichukua. Mwendesha mashtaka alihitaji nakala ya maziko tu, na nakala alipewa.

Jumanne tarehe mbili watoto walipata matokeo yao, na kufikia mchana mstari mbele ya Ciné Lufira ulikuwa umezunguka nyumba mbili. Habari za kukamatwa zilikuwa zimeenea. Waliokuja kumlilia Dieumerci walikutana na waliokuja kuona jeneza alilochekea, na wote walitaka viti vya mbele. Émile alifungua ukumbi mara nne siku ile. Guelord, aliyekuwa ameachiwa asubuhi, alitumiwa ujumbe kwamba anaombwa kusimama mlangoni ili watu wamwone. Hakuja. Daktari alikuwa amemwambia jicho halitarudi kuona, naye alikuwa ameshapanda gari la Kambove.

Virginie alisimama barabarani akilinda mstari usisukumane, na hapo ndipo alipomwona Mama Jeanne. Alikuwa peke yake, amevaa nguo nyeusi, tikiti mkononi kama wengine.

"Mama, usiingie."

"Mutoto wangu iko mu ndani, Inspecteur."

Virginie aliingia naye. Walikaa nyuma. Ukumbi ulicheka kila Dieumerci alipofungua kinywa, na mara moja, katikati ya kicheko cha watu wote, mama naye alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kitambaa. Kabla ya maziko kuanza alisimama, akatoka. Nje jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa wa baridi.

"Ile picha," Mama Jeanne aliuliza, "nani alimupiga? Nani alishika caméra?"

"Godefroid, Mama."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Nilijua. Mutu hawezi kumuangalia mwingine vile kama hamupendi."

*

Alhamisi Virginie alishuka kwenye chumba cha mahabusu kukamilisha karatasi za kumpeleka Godefroid gerezani. Alimkuta amekaa chini, safi, ametulia. Hakuuliza habari za wakili wala za mama yake.

"Salle ilijaa?"

Virginie alikuwa amekusudia kutojibu. Lakini alikumbuka jicho la Guelord, na mstari ambao yeye mwenyewe aliupanga uende vizuri, na akaona huyu mtu ameketi mbele yake akingojea malipo yake.

"Ilijaa," alisema. "Watu walisimama mpaka mlangoni. Mara nne siku ya kwanza, mara tano jana. Émile anaipeleka Likasi na Kolwezi."

Godefroid alifumba macho. Alivuta pumzi kwa pua, taratibu, na tabasamu dogo likamjia.

"Mama yako alikuwa ndani."

Macho yakafunguka.

"Alicheka mahali mlipotaka watu wacheke. Alitoka kabla ya maziko. Akaniuliza ni nani aliyepiga ile picha, nikamwambia ni wewe."

"Alisema nini?"

Virginie alikunja karatasi zake na kuzitia chini ya kwapa. Alimwambia maneno ya mama kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma mashtaka.

Godefroid akaanza kulia, kwa sauti kubwa ya mtoto aliyepotea sokoni, akigonga kisogo chake ukutani, tena na tena, hadi mahabusu wengine wakapiga kelele anyamazishwe. Virginie alimwita mlinzi aje amshike asijiumize, akapanda ngazi kwenda kutafuta gari.